Nasaha kwa Mtafuta Cheti cha Usimamizi wa Linux

Miongoni mwa maswali ambayo vijana wa fani ya kompyuta huniuliza mara nyingi kuliko mengine yote, liko moja ambalo huja kwa sura mbalimbali lakini maana yake ni ile ile: je, yafaa mtu atoe fedha yake, ambayo aghalabu ni chache na imepatikana kwa taabu, akafanye mtihani wa cheti cha usimamizi wa mifumo ya Linux, na ikiwa yafaa, ni mtihani upi, na ajitayarishe vipi? Jawabu langu kwa sehemu ya kwanza ni ndiyo, lakini ndiyo yenye sharti, na sharti hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwani nimewaona wengi waliopata cheti wasipate kazi, na wengine waliopata kazi wakashindwa kudumu nayo, si kwa upungufu wa akili wala wa bidii, bali kwa sababu walijitayarisha kwa ajili ya karatasi ilhali kazi yenyewe haikuwa ya karatasi.

Linux ni kiini cha mfumo endeshi kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kikaja kuunganishwa na zana za mradi wa GNU ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983, na vyote viwili vikapewa leseni inayomruhusu kila mtu kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuugawa. Simu ya Android iliyomo mfukoni mwa msomaji imejengwa juu ya kiini hicho; kompyuta 500 zenye nguvu kupita zote duniani, kwa mujibu wa orodha inayotolewa mara mbili kila mwaka, zimekuwa zikiendeshwa zote kwa Linux tangu Novemba 2017; na sehemu kubwa ya seva zinazohudumia intaneti ni zake. Kazi, basi, ipo. Lakini kwa kuwa mfumo huu hauna mwenyewe mmoja, hakuna pia baraza moja lenye haki ya pekee ya kusema nani ni msimamizi stadi na nani siye. Taasisi kadhaa zimejitwalia jukumu hilo, kila moja kwa mtindo wake, na hapo ndipo kijana anapotatizika, akasikia majina mengi yenye herufi kubwa asijue lipi ni la nini.

Mitihani hii, ukiitazama vema, ni ya namna mbili: ile inayokuuliza maswali, na ile inayokupa mashine ukafanye kazi. Namna ya kwanza inawakilishwa hasa na Linux Professional Institute, ambayo watu wa fani huiita LPI, taasisi iliyoasisiwa Kanada mwaka 1999 na isiyouza mfumo wowote, jambo linaloipa uhuru wa kutahini elimu ya Linux kwa jumla bila ya kupendelea bidhaa fulani. Cheti chake cha daraja la kwanza, LPIC-1, hupatikana kwa kufaulu mitihani miwili, wa 101 na wa 102. Kila mmoja una maswali 60 na muda wa dakika 90, alama hupimwa kwa kipimo cha kuanzia 200 hadi 800, na mwenye kufikia 500 amefaulu. Cheti hudumu miaka mitano. Maswali mengi ni ya kuchagua jawabu, lakini yako pia yanayokutaka uiandike amri wewe mwenyewe, na hapo anayekumbuka kwa kuona tu huumbuka. Chini ya daraja hilo kiko cheti cha Linux Essentials, chenye maswali 40 kwa dakika 60, ambacho hakiishi muda wake na ambacho nakisifu kwa mwanafunzi wa sekondari au kwa mtu anayehamia fani hii kutoka kazi nyingine. CompTIA nayo ina cheti chake cha Linux+, nacho kinajulikana zaidi kwa waajiri wa Marekani. Kwa msomaji wa kwetu sioni sababu kubwa ya kukitanguliza.

Namna ya pili iliasisiwa na kampuni ya Red Hat, ambayo tangu mwaka 2019 ni mali ya IBM. Mtahini wa Red Hat hakuulizi amri fulani hufanya nini. Anakuketisha mbele ya mashine, anakupa orodha ya kazi, anakuachia saa. Mtihani wa mwanzo, EX200, ambao mwenye kuufaulu huitwa RHCSA, huchukua saa tatu, na hutaka alama 210 katika 300. Wa juu yake, EX294, ambao ndio mlango wa cheti cha RHCE, huchukua saa nne na siku hizi umeelekezwa kwenye kuziendesha seva nyingi kwa pamoja kwa zana ya Ansible. Vyote viwili hudumu miaka mitatu. Linux Foundation nayo imefuata njia hiyo hiyo kwa cheti chake cha LFCS kilichoanza mwaka 2014: saa mbili mbele ya mstari wa amri, nyumbani kwako, huku msimamizi akikutazama kwa kamera, na alama ya kufaulu ni asilimia 67.

Hukumu yangu, ambayo sitaificha, ni kwamba mitihani ya mkono ni bora kuliko mitihani ya maswali, na kwamba hata yule aliyeamua kufanya LPIC-1 kwa sababu ya bei au ya upana wa mtaala wake, anapaswa kujitayarisha kana kwamba atapewa mashine. Mtaala wa LPI nausifu kwa dhati. Umeandikwa wazi, unapatikana bure pamoja na masomo yake kwenye tovuti ya taasisi, unashughulikia koo mbili kubwa za Linux, ya Debian na ya Red Hat, na kila kipengele kimepewa uzito unaokujulisha idadi ya maswali yatakayotoka humo. Katika mtihani wa 101, kwa mfano, amri za GNU na Unix peke yake zina uzito wa 26 katika 60, ambayo ni karibu nusu ya mtihani mzima; basi mwanafunzi anayetumia wiki kadhaa kusoma historia ya mifumo na siku moja kujifunza grep, find, sed na mabomba yanayounganisha amri na amri, amegeuza mambo juu chini. Mtaala huo utumie uwe ramani ya masomo yako. Lakini safari yenyewe ifanywe kwa vidole.

Sababu ya kushikilia hivyo imo katika sharti moja ambalo Red Hat wamelitangaza hadharani kwa mitihani yao yote ya vitendo, nalo ni kwamba kila ulichokipanga katika mashine lazima kidumu baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa upya, bila ya wewe kuigusa. Sharti hili fupi lina elimu nyingi kuliko vitabu vingi nilivyovisoma juu ya fani hii. Kazi ya msimamizi wa mifumo ni mfano wa kazi ya fundi wa kalafati, ambaye ubora wake hauthibitiki chombo kingali juu ya magogo ufukweni, bali maji yajapo.

Natwaa mfano mmoja niutazame kwa karibu. Mtahiniwa ametakiwa aongeze nafasi ya kuhifadhia data kutoka kwenye diski ya pili. Anaitambulisha diski kwa pvcreate, anaunda kundi kwa vgcreate, anakata sehemu kwa lvcreate, anaitengenezea mfumo wa faili kwa mkfs.xfs, kisha anaipachika kwenye saraka iitwayo /data kwa amri ya mount. Anaandika df -h, na nafasi mpya hiyo hapo mbele ya macho yake. Anafurahi, anaingia kazi ya pili. Lakini upachikaji wa mkono huishi katika kumbukumbu ya mashine inayoendelea kufanya kazi tu, na siku umeme utakapokatika, /data itarudi tupu kana kwamba hapakuwa na mtu. Ili idumu, lazima iandikwe mstari katika faili la /etc/fstab, na mstari huo una sehemu sita: kifaa chenyewe, ambacho ni salama zaidi kukitaja kwa UUID yake, yaani kitambulisho chake cha pekee, saraka kitakapopachikwa, aina ya mfumo wa faili, chaguo za upachikaji, na tarakimu mbili za mwisho, ambazo kwa kawaida huwa sifuri zote.

Sasa tuseme mtahiniwa amekumbuka kuuandika, lakini ameinakili UUID kwa jicho na kuikosea herufi moja. Mashine ikiwashwa itakisubiri kile kifaa kisichokuwepo, na kwa kawaida ya systemd, inayosimamia uwashaji wa huduma, itasubiri muda wa dakika moja na nusu, kisha itakata tamaa na kuingia katika hali ya dharura, ikidai nywila ya root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Mtandao haujawaka, huduma hazijawaka, na hakuna awezaye kuingia kutoka mbali. Katika mtihani, mashine isiyowaka haina alama, hata kama kazi nyingine zote zilizomo zilifanywa kwa ustadi. Katika ajira, hiyo ndiyo seva ya mishahara, ni saa nane za usiku, nawe uko nyumbani kwako na funguo za chumba cha seva anazo mlinzi aliye mji mwingine. Dawa ya maradhi haya ni adabu ya dakika moja: ukishaliandika faili, endesha findmnt --verify ikusomee makosa yako, kisha iondoe ile sehemu ya diski kwenye saraka ilikopachikwa na uendeshe mount -a, ambayo itajaribu kupachika kila kilichomo katika fstab sasa hivi, ungali macho na ungali na uwezo wa kusahihisha. Na diski ambayo si ya lazima kwa uhai wa mashine, ipe chaguo la nofail, ili kukosekana kwake kusiizuie mashine nzima kuwaka.

Ukilifahamu hilo la fstab, mengine mengi yatakufungukia kwa ufunguo huo huo. Amri ya systemctl start huiwasha huduma leo, lakini ni systemctl enable inayoifanya iwake kesho. Kanuni uliyoiongeza katika ukuta wa moto wa firewalld bila ya neno --permanent itapotea mashine ikizimwa. Na setenforce, ambayo wavivu huitumia kuinyamazisha SELinux, ngao ya usalama ya mfumo, badala ya kujifunza inalalamikia nini, nayo hudumu hadi kuwasha upya tu. Niseme hapa kwa msisitizo, maana nimechoka kuona mafunzo yanayoanza kwa kumwambia mwanafunzi aizime SELinux ili mambo yaende: mwalimu anayekufundisha kuondoa kitasa kwa sababu ufunguo umekushinda hakufundishi usimamizi. Jifunze kusoma ls -Z, jifunze semanage fcontext na restorecon, na katika wiki mbili hofu itakutoka.

Vifaa vya kufanyia mazoezi havihitaji utajiri. Kompyuta mpakato ya zamani yenye kumbukumbu ya gigabaiti nane itabeba mashine pepe mbili au tatu bila ya taabu, na hata yenye nne itafaa ukiziendesha bila ya madirisha na michoro, kwa mstari wa amri pekee, ambao ndio utakaokutana nao kazini. Kwa ukoo wa Red Hat, pakua AlmaLinux au Rocky Linux, ambazo zilizaliwa mwaka 2021 baada ya kutangazwa kwamba CentOS ya zamani itakoma, nazo ni bure. Au jiandikishe katika mpango wa Red Hat wa waundaji programu, unaomruhusu mtu binafsi kuutumia mfumo wao halisi katika mashine hadi 16 bila ya malipo. Kwa ukoo wa Debian, chukua Debian yenyewe au Ubuntu. Na ikiwa bando ndilo linalokutesa, kama linavyowatesa wengi, basi pakua faili zima la usakinishaji mara moja, usiku wakati bei ni nafuu au kwenye maktaba ya chuo. Kisha lipachike faili hilo ndani ya mashine pepe na uliandikie kidokezo katika /etc/yum.repos.d ili liwe ghala lako la programu. Hutahitaji intaneti tena kwa muda mrefu, na zaidi ya hayo, kuunganisha mashine na ghala la programu ni miongoni mwa mambo yaliyotajwa katika mtaala wa EX200, kwa hiyo ufukara wa bando utakuwa umekufundisha somo la mtihani.

Mazoezi yenyewe yafanywe kwa kuvunja na kujenga. Haitoshi kuitazama video ambayo ndani yake mtu mwingine anaandika amri na kila kitu kinakubali. Uso wa mtazamaji hufurahi na mkono wake haujifunzi chochote. Sakinisha mashine, weka watumiaji watatu na makundi mawili, toa ruhusa za kushirikiana katika saraka moja na kuzuiana katika nyingine, panga kazi ya kila usiku kwa cron, tanua sehemu ya diski bila ya kupoteza data, kisha izime na uiwashe, ukague kimoja kimoja. Yaliyosimama, yaandike katika daftari; yaliyoanguka, yatafutie sababu kabla ya kuyarekebisha. Halafu iharibu kwa makusudi: badili nywila ya root kwa maneno usiyoyatazama, kisha ujifunze kuikatiza mashine katika hatua zake za kuwaka na kuirejesha. Mwisho ifute yote, uanze tena siku ya pili bila ya daftari.

Katika kazi hiyo, msaidizi wako mkuu awe ile maktaba iliyomo ndani ya mashine yenyewe, yaani kurasa za man. Intaneti hairuhusiwi katika mitihani ya Red Hat, lakini kurasa hizo huwa zimo ndani ya mfumo, na mwenye kuzizoea huingia chumbani na vitabu vyake vyote kichwani mwa mashine. Wengi huandika man crontab, wakasoma namna ya kuitumia amri, wasione popote mpangilio wa dakika, saa, siku na mwezi, wakadhani ukurasa una upungufu. Hawajui kwamba mpangilio huo umo katika fungu la tano, na kwamba walichopaswa kuandika ni man 5 crontab. Na aliyesahau jina la amri kabisa, anayo man -k, humtafutia kurasa zote zinazogusa neno analolijua. Nusu saa kila jioni ya kusoma kurasa hizi kwa utulivu itakufaa kuliko makundi mengi ya simu ambamo watu hutumiana picha za vyeti.

Hili linanileta kwenye suala la lugha, ambalo baadhi ya watu huona haya kulitaja. Hakuna hata mmoja katika mitihani niliyoitaja unaofanywa kwa Kiswahili, na kijana aliyesoma vizuri lakini asomaye Kiingereza polepole anaweza kupoteza dakika nyingi kwa kulifafanua swali kabla ya kulijibu. Nasaha zangu ni mbili. Kwanza, Kiingereza cha mitihani hii ni chembamba, kina maneno mamia machache yanayojirudia, na kurasa za man zimeandikwa kwa maneno hayo hayo, kwa hiyo anayezisoma kila siku anazipata elimu mbili kwa mpigo. Pili, ukishajifunza jambo, mweleze mwenzako kwa Kiswahili, kwa sauti, bila ya kuegemea maneno ya kitabu. Utakapokwama katika kueleza, hapo ndipo ulipokuwa hujafahamu. Wala si kweli kwamba Kiswahili hakina nafasi katika programu huria: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi uliojulikana kwa jina la Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye Kiswahili katika menyu zake, na jambo hilo liliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa huru na hapakuwa na mtu wa kuombwa ruhusa.

Nije sasa kwenye jambo zito. Yako mafaili yanayouzwa na kugawiwa, yenye maswali ya mitihani hii pamoja na majibu yake, yaliyotolewa na watahiniwa waliovunja ahadi. Maana kila anayeketi kwa mtihani hukubali kwanza, kwa maandishi, kwamba hatayatoa nje maswali aliyoyaona, na taasisi zinayo haki ya kumfutia cheti anayebainika. Sikusudii kukutisha kwa adhabu, kwani wengi hawabainiki. Nakuomba uitazame kazi unayoitafuta. Msimamizi wa mfumo ndiye mwenye nywila ya root: anaweza kusoma barua za mkurugenzi, kutazama mishahara ya wenzake, kufuta kumbukumbu za matendo yake mwenyewe, na hakuna atakayejua isipokuwa Mola wake. Cheo hiki chote kimesimama juu ya amana. Anayekiingilia kwa maswali ya wizi ameidhulumu amana hiyo siku ya kwanza, kabla hata hajakabidhiwa ufunguo, nami sioni ni kwa hoja gani atajizuia siku ya pili.

Na hata tukiuweka uaminifu kando, hila hiyo haifiki mbali. Nimepata kuketi katika meza ya usaili ambapo waombaji walipewa seva iliyojaa diski, wakatakiwa waifungulie nafasi. Mmoja wao, mwenye vyeti viwili, aliandika df akaona asilimia 100. Akatafuta kwa du akalipata faili kubwa la kumbukumbu za matukio katika /var/log. Akalifuta kwa rm, akaandika df tena, na asilimia ikabaki 100. Akalitafuta faili, halipo. Akaandika df mara ya tatu, kisha akatutazama, na hakuwa na neno. Aliyemfuatia hakuwa na cheti chochote, alikuwa anajitayarisha kwa cha kwanza. Naye alilifuta faili lile lile na kukuta hali ile ile, lakini aliandika lsof +L1, akaona kwamba programu iliyokuwa ikiliandika faili hilo ingali imelishika, maana katika Linux kufuta jina la faili hakuiachii nafasi yake maadamu iko programu iliyolifungua. Akaiwasha upya huduma hiyo, na nafasi ikarudi. Tulipomuuliza alijifunza wapi, alisema diski ya mashine yake ya mazoezi ilikuwa ndogo, ikawa inajaa mara kwa mara. Kazi alipewa yeye, na cheti alikipata akiwa kazini.

Mambo ya fedha na taratibu nitayapitia upesi. Ada za mitihani hutofautiana nchi na nchi, hasa za LPI, kwa hiyo usiamini bei uliyoambiwa na mtu aliye ughaibuni. Itazame ya nchi yako, na kumbuka kwamba LPIC-1 hulipiwa mara mbili, maana ni mitihani miwili. Ada ya LFCS hujumuisha nafasi moja ya kurudia kwa aliyeshindwa, nayo ni rehema ya kuzingatiwa kwenye hesabu. Mitihani ya LPI hufanyika katika vituo vya Pearson VUE au nyumbani, na ya Red Hat nayo yaweza kufanywa nyumbani, ila hiyo humtaka mtahiniwa aiwashe kompyuta yake kutoka kwenye flashi yenye mfumo maalumu, jambo la kujaribiwa siku kadhaa kabla na si asubuhi ya mtihani. Kwa mtu ambaye umeme wake na mtandao wake havina uhakika, kituo ni bora, hata ikimlazimu nauli ya basi na kulala kwa jamaa. Na jina ulilojiandikishia lifanane, herufi kwa herufi, na la pasipoti au kitambulisho utakachoonyesha mlangoni: sisi wenye majina matatu, ambao cheti cha shule kina mpangilio mmoja na kitambulisho kina mwingine, tuna sababu zaidi ya wengine ya kulihakiki hilo mapema.

Siku ya mtihani wa mkono, soma kazi zote kwanza, uanze na zile ambazo nyingine zinazitegemea, kama vile mtandao na ghala la programu. Usikae na kazi moja hadi ikakumeza saa nzima. Na ubakishe muda wa kuizima mashine na kuiwasha kabla mtahini hajafanya hivyo. Mtu anayemaliza saa moja kabla na kuondoka bila ya kuiwasha upya mashine yake ameiacha riziki yake mikononi mwa bahati.

Ama lini ulipie, usilipie kwa sababu umemaliza kitabu, wala kwa sababu mwenzako amelipia. Lipia siku utakapoweza kuketi mbele ya mashine tupu, mtaala wa mtihani umeufungua upande mmoja na saa upande wa pili, ukakifanya kila kilichoandikwa humo kwa msaada wa kurasa za man pekee, ukaizima, ukaiwasha, ukakuta vyote vimesimama. Kisha ukairudia kazi hiyo wiki inayofuata kwa mashine mpya. Kabla ya hapo, fedha yako iweke. Na wewe uliyekwisha kufaulu, ambaye mashine zako za mazoezi sasa zimelala bila ya kazi, nakuomba uchague kijana mmoja katika mtaa wako au katika ofisi yako, umkabidhi moja ya mashine hizo pamoja na nywila yake ya root, umwachie aiharibu, na usimwandikie amri hata moja mpaka awe amekwisha kuitafuta mwenyewe.